Mwanangu Aliniita Mpishi

Mliniacha nyuma ya nyumba ya watu, sinia la vikombe mikononi, nimeganda chini ya dirisha kama mwizi aliyesikia mbwa. Bado nipo pale pale.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitunguu kabla hujalisoma, nakupa kwa ufupi.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Ni fundi cherehani, shule niliishia ya msingi. Mwanangu wa kike amemaliza chuo cha ualimu, anasubiri matokeo. Wanafunzi wenzake wa ushirika wa chuo walipanga safari ya injili: wiki mbili kwenye mji wa mbali, mchana kufundisha watoto na kupaka rangi madarasa, jioni mikutano. Wazazi hawaruhusiwi kufuatana na watoto wao.

Moyo wangu ukakataa. Mpishi wao alipougua, mimi nikajipenyeza kwenye nafasi yake. Mwanangu aliponiona napanda gari na sufuria zangu, karibu alie. Akanipa masharti mawili. La kwanza, nisimwite "mwanangu" mbele ya watu. La pili, nijifunge kilemba mpaka chini ya masikio.

Kwa nini kilemba? Kwa sababu mimi na yeye tuna kinyama kidogo mbele ya sikio la kushoto, kama punje ya mtama. Marehemu mama yangu alikuwa nacho. Mimi ninacho. Yeye anacho. Ukituona vichwa wazi huna haja ya kuuliza swali.

Tulipofika, kila mwanafunzi alipangiwa nyumba ya kulala. Mwanangu akaangukia kwa mama mmoja mjane, mwenye shule ya chekechea iliyo jirani na kanisa. Mama wa rika langu, sauti ya chini, mafuta ya kunukia, na miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo. Huko jikoni mimi nilimpa jina la utani: Miwani. Mimi nilipangiwa stoo ya kanisa, pamoja na magunia ya mchele.

Ndipo siku ile napita na vikombe nyuma ya nyumba yake, nikasikia sauti ya mwanangu ikiita, "Mama!" Nikageuka kuitika. Kumbe hakuniita mimi.

Haya, tuendelee.

Nikachungulia. Mwanangu kaketi sakafuni, kichwa chake kati ya magoti ya Miwani, anasukwa nywele!

Soma hapo taratibu, mama mwenzangu. Mtoto huyu tangu aanze sekondari hajaniachia kichwa chake. Nikisogea na kitana, "Mama, unavuta." Nikirudi na mafuta, "Mama, mikono yako inanuka cherehani." Leo kamwachia mtu aliyemfahamu juzi, tena kafumba macho kwa raha, kama paka aliyeona jua.

"Inauma?" Miwani akauliza.

"Haiumi, mama. Una mkono mwepesi."

Mkono mwepesi! Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia.

"Na hiki kinyama cha hapa sikioni, umerithi kwa nani?"

Mwanangu akajibu kwa sauti ya chini. "Kwa mama."

Miwani akaacha kusuka. Akakigusa kile kinyama kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayegusa kidonda.

"Pole sana, mwanangu. Pole. Usilie tena. Mimi nipo."

Nikajiuliza, pole ya nini? Kufanana na mimi ndiko kumekuwa msiba wa kupewa pole? Damu ikanipanda. Sikusubiri kusikia zaidi. Nikazunguka mlangoni na kupiga hodi ya kuvunja mbao.

"Vikombe!"

"Karibu, dada mpishi," Miwani akasema bila kuinuka. "Weka hapo mezani. Chai ya leo sukari ilizidi kidogo, lakini tumeshukuru."

"Sukari haikuzidi. Midomo ndiyo imezidi utamu."

"Umesemaje?"

"Nasema nitapunguza."

Mwanangu hakufumbua hata jicho moja. "Asante, mpishi," akasema.

Nikatoka. Nilipofika jikoni nikagundua nimerudi na vikombe vyangu vyote.

*

Mchana huo Kiongozi akaja jikoni. Kiongozi ni kijana wa chuo kama wenzake, lakini anatembea kama mtu aliyebeba mbingu mabegani, anaogopa isimwagike.

"Mpishi, jioni punguza sahani moja."

"Nani amefunga?"

"Hakuna aliyefunga. Mchekeshaji anarudi kwao."

Mchekeshaji ni yule mvulana aliyekuwa anawachekesha wote garini. Jioni ya juzi alisimama mbele ya mkutano, akashuhudia kuwa alizaliwa kiwete na akaponywa. Sasa mtu wa mji huo aliyesoma naye shule ya msingi kajitokeza, kasema huyo alikuwa mlinda mlango wa timu.

"Masikini," nikasema. "Si alikuwa anatia chumvi tu?"

"Chumvi tia kwenye maharage yako, mpishi. Ushuhuda hautiwi chumvi. Watu wanakuja mbele kutubu kwa sababu ya maneno yetu. Yakiwa ya uongo, tumewatubisha kwa jina la nani? Anarudi leo, na chuoni atasimamishwa mbele ya ushirika wote, aseme mwenyewe alichofanya."

Nikamwonea huruma yule mvulana. Nikakumbuka tukiwa garini, mwanangu aliniinamia sikioni akiwa na wasiwasi.

"Mama, mimi nitashuhudia nini? Wenzangu wana mambo mazito. Huyu alilewa, yule alilala jela. Mimi sijawahi hata kuumwa sana."

"Sema ulilelewa na mama mwenye kelele, ukapona," nikamwambia. Tulicheka mpaka dereva akageuka.

Jioni ya ushuhuda wake sikuwapo ukumbini. Nilikuwa nasugua sufuria nyuma ya kanisa. Nilichosikia ni vilio. Wanawake walikuwa wanalia mle ndani, kilio cha kwikwi, kile cha kutoka tumboni. Nikainua mikono yangu yenye masizi nikasema, asante Bwana, mwanangu anatumiwa.

Shika jambo hilo. Usiliache lidondoke.

*

Jioni nikamvizia mwanangu kwenye tangi la maji. Alikuja na ndoo, nywele zimesukwa mistari iliyonyooka kama ya daftari. Zilimpendeza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Umependeza, mwanafunzi," nikasema.

"Mama, sauti."

"Kumbe unajua mimi ni mama? Nilidhani umesahau, maana neno hilo naona umelipeleka nyumba ya pili."

"Kila mtu hapa anamwita mama. Ni heshima tu."

"Na kulaza kichwa mapajani kwake ni heshima? Mimi nimekiomba kichwa hicho miaka, nikaambiwa nanuka cherehani. Yeye ananuka nini, malaika?"

Akacheka. Nami nikataka kucheka, nikajizuia. Halafu akaacha kucheka.

"Mama, nina jambo."

"Sema."

"Ameniomba nibaki. Tukimaliza, wenzangu wakiondoka, mimi nibaki nifundishe chekechea. Nina chumba pale. Dirisha lake linatazama bustani."

Ndoo ilikuwa imejaa, maji yanamwagika miguuni petu, hakuna aliyefunga bomba.

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema nitaliombea kwanza."

Mwanangu akisema "nitaliombea kwanza" maana yake ameshafungasha moyoni. Namjua. Ndivyo alivyoliombea suala la kuacha kunisaidia kazi za cherehani, na lile la kuhamia bweni.

"Nyumbani pana ubaya gani?" nikauliza.

"Hapana ubaya."

"Basi?"

Akatazama maji. "Pale kwake naulizwa. Nyumbani naambiwa. Akitaka nivae sweta ananiuliza kama nasikia baridi. Wewe unaniambia nasikia baridi."

"Kwa sababu unasikia!"

"Ona sasa."

Nikafunga bomba kwa nguvu. "Sikiliza. Mimi nilikubali kuwa mpishi. Nikakubali kufunikwa masikio kama mgonjwa. Sikukubali kufiwa na mtoto aliye hai."

Akashtuka. Uso ulimbadilika kabisa, nikadhani nimemkanyaga.

"Usiseme hivyo, mama. Usitaje kufiwa."

"Kwa nini nisitaje?"

"Basi tu." Akainua ndoo, nusu ikamwagika, akaondoka karibu akikimbia.

Mama mwenzangu, mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini neno moja limemkimbiza mtoto. Mimi nilikuwa na wivu, na wivu haukuachii nafasi ya kujiuliza. Nilichofikiri ni kwamba Miwani amemfundisha kunikimbia.

*

Kesho yake nilikuwa namenya viazi. Akaja anayefagia kanisa, mama mmoja mchangamfu, wote wanamwita Mama Fagio. Fagio lake huwa linafanya kazi kidogo kuliko ulimi.

"Dada mpishi, hivyo ni viazi au ni adui zako? Unavichuna ngozi hivyo vimekukosea nini?"

"Mawazo tu, dada."

"Mawazo ya mume?"

"Mume ningekuwa naye ningemmenya yeye."

Akacheka, akakalia ndoo. Nikaona hapa ndipo pa kuchimba. Nikamsogezea kikombe cha chai, nikauliza kama mtu asiyejali, "Huyu mama wa chekechea, anaishi peke yake?"

"Peke yake vipi? Nyumba imejaa. Unawaona wale mabinti wanaofundisha pale? Hakuna wa hapa. Wote walikuja na misafara kama huu wenu."

Kisu kikasimama.

"Unasemaje?"

"Kila msafara ukija, yule mama hakosi kuchagua mmoja. Wenzake wakipanda gari kurudi, huyo habandui mguu. Yule mrefu pale, alikuja na chuo gani sijui. Mpaka leo. Hata likizo haendi kwao."

"Hata kuwasalimia?"

"Sijamwona na begi. Mimi ndiye ninayefagia pale getini, angetoka ningemwona."

"Na mama zao wanakubali?"

Mama Fagio akainua mabega. "Mama zao sijawahi kuwaona."

Nikaogopa. Halafu, Mungu anisamehe, baada ya hofu ikaja furaha. Kumbe si kwamba mwanangu kanichoka. Kumbe ni mtego! Ni mwanamke anayekusanya watoto wa watu, na mimi nimemnasa. Niliimba nikimalizia viazi vile. Mama Fagio akasema sauti yangu ni nzuri, nijiunge na kwaya.

Ningeweza kwenda kwa Kiongozi, nikaeleza. Lakini angeniuliza, mpishi, hili linakuhusu nini? Ningeweza kumfuata Miwani mwenyewe, mlango kwa mlango. Lakini yule mama ana maneno laini. Angenikalisha, angeninywesha kitu, ningetoka nikimshukuru.

Nikachagua njia ambayo hawezi kunijibu. Nikachagua duara.

*

Duara ni hivi, kwa asiyelijua. Kila asubuhi baada ya chai, kabla ya kutawanyika kazini, msafara wote na wenyeji wanasimama uwanja wa kanisa, wanashikana mikono, wanafumba macho. Mmoja anaomba kwa sauti, akimaliza anaminya mkono wa jirani yake, naye anaanza. Hivyo hivyo mpaka duara liishe. Hakuna kumkatiza mtu. Hakuna kumjibu. Ukisikia, unasema amina.

Unaona uzuri wake? Ndani ya duara unaweza kumshitaki mtu kwa Mungu naye yupo hapo hapo, na yeye mwenyewe aseme amina.

Asubuhi ile niliacha vyombo bila kuosha. Nikajipenyeza nikasimama kulia kwa Miwani. Mkono wake ulikuwa laini, umepakwa losheni. Wangu una makovu ya sindano. Mwanangu alikuwa upande wake wa pili, ameshikwa mkono na huyo huyo. Miwani yuko katikati yetu, mkono mmoja kwa mama, mmoja kwa mtoto, wala hajui.

Maombi yakazunguka. Kiongozi akaomba akaomba mpaka nikasikia mtu anapiga miayo. Yakaja, yakaja, mwisho mkono wangu ukaminywa.

"Baba," nikaanza. "Wewe unayeona mpaka nyuma ya miwani."

"Amina," wakaitika.

"Yupo mtu hapa, Baba. Simtaji. Unamjua. Mkono wake ninao."

Amina zikapungua. Mkono ule laini ukatulia tuli ndani ya wangu.

"Anaokota watoto wa watu, Baba, kama mtu anayeokota kuni. Msafara ukipita, anachagua kuni moja nzuri. Anawasuka nywele. Anawapa vyumba vyenye bustani. Anawauliza kama wanasikia baridi, na mama zao wako makwao wanangoja mlangoni, wanapika chakula kinapoa. Mzuie, Baba! Mzuie!"

Hapakuwa na amina hata moja. Ningenyamaza hapo, pengine yangeisha. Lakini mori ulishanipanda, mama mwenzangu. Machozi yalishanitoka, nikawa sioni mwisho wa sentensi zangu.

"Mrudishie kila mama mtoto wake! Na mimi nirudishie wangu! Huyu hapa, Baba, huyu niliyembeba tumboni, niliyemshonea sare za shule kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, huyu ambaye..."

Nikasikia kimya. Si kimya cha maombi. Nikafumbua macho.

Macho yote yalikuwa wazi. Duara zima linanitazama.

"Mpishi," Kiongozi akasema, "umesema nani umembeba tumboni?"

Nikayafuta machozi begani.

Miwani akauachia mkono wangu polepole. Nilitegemea hasira. Hasira ningeiweza, nilikuwa nimejiandaa nayo tangu viazi. Lakini hakukasirika.

"Dada," akasema, "hao mabinti ni kweli ninao. Lakini hakuna hata mmoja anayengojewa na mama mlangoni. Wote ni yatima. Hilo ndilo sharti langu, na mchungaji analijua. Mwenye mama simchukui, hata akilia getini kwangu. Mama yake yuko hai, mimi nimbakishe kwa haki gani?"

Moyo ukaniruka kwa furaha. Basi imekwisha! Basi mwanangu anarudi nyumbani! Nikavuta pumzi niseme.

"Na huyu," Miwani akaendelea, akimvutia mwanangu begani kwake, "mama yake alikufa. Katushuhudia mwenyewe pale ukumbini. Jinsi alivyougua, jinsi alivyomfumba macho kwa mikono yake. Hakuna ambaye hakulia."

Pumzi yangu ikabaki ilipokuwa.

Nilikufa lini, jamani?

Nikakumbuka vile vilio. Nikajiona nimechuchumaa na sufuria zangu nyuma ya ukuta, mikono ya masizi hewani, namshukuru Mungu. Kumbe watu walikuwa wananililia mimi, nami naitikia. Na ile "pole" ya dirishani, kumbe ilikuwa pole ya msiba. Msiba wangu mimi mwenyewe, na nilikuwa dirishani nimebeba vikombe vya waombolezaji.

Nikamtazama mwanangu. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

Kiongozi akatoka kwenye nafasi yake, akaja katikati. Uso umemkauka.

"Dada," akamwambia mwanangu, "nataka unisikilize vizuri. Akina mama waliokuja mbele kutubu usiku ule, walikuja kwa ushuhuda wako. Kuna mmoja amekwenda kupatana na mama yake mzazi ambaye walikuwa hawasemezani. Mchekeshaji nimemrudisha kwa jambo dogo kuliko hili. Nakuuliza mbele za Mungu na mbele ya wenzako. Huyu mpishi ni nani wako?"

Upepo ulikuwa unapeperusha turubai la jikoni, pa, pa, pa.

Niseme kweli iliyokuwa moyoni mwangu dakika ile. Sikumwonea huruma. Nilimtaka aseme. Nilitaka alitamke lile neno mbele ya Miwani, kwa sauti, watu wote wasikie, kisha mimi nimshike mkono niondoke naye kama mtu aliyekomboa nguo yake kwa fundi.

Mwanangu akainua uso.

"Ni mpishi," akasema.

"Mpishi tu?"

"Mpishi wetu. Jiko lina moto mkali, na halali vizuri kule stoo. Anatuona sote kama watoto wake." Akamgeukia Kiongozi. "Msimkasirikie."

Mwanafunzi mmoja akacheka kidogo, cheko la kushusha pumzi. Mwingine akasema, "Pole, mpishi, leo pumzika, vyombo tutaosha sisi." Duara likaanza kulegea. Kiongozi akapangusa jasho. Hata Mama Fagio, aliyekuwa amesimama pembeni na fagio lake, akatikisa kichwa kwa huruma.

Mimi nimesimama. Nimezikwa ukumbini, na sasa nazikwa tena uwanjani, safari hii nikiwapo.

Miwani peke yake ndiye hakusogea.

Aliiokota miwani yake kifuani, akaivaa. Akamtazama mwanangu. Akanitazama mimi. Akaja karibu mpaka nikasikia yale mafuta yake ya kunukia, akaniangalia paji la uso, akashuka puani, akashuka kidevuni, kama mimi ninavyoangalia mshono wa mtu mwingine kutafuta ulipoanzia.

"Dada mpishi," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu mje, joto lote hili, moto wote huo, kilemba hukilegezi hata siku moja. Nimekuwa nikijiuliza."

"Ni mazoea," nikasema.

"Kivue kidogo."

"Hapa mbele za watu?"

"Si chote." Akainua kidole kile kile kilichogusa sikio la mwanangu. "Upande wa kushoto tu."

Wengine hawakuelewa. Walituona wanawake wawili watu wazima wanaongea habari za kilemba. Ni sisi watatu tu tuliojua.

Nikamtazama mwanangu.

Rangi ilikuwa imemtoka. Mkono wake umepanda wenyewe mpaka sikioni, umefunika ile punje. Ndipo nikaona ambacho wivu ulinificha. Nikivua kilemba, nimemshinda Miwani. Mwanangu atarudi nyumbani leo leo, kwa gari kama lile alilopandishwa Mchekeshaji, na chuoni atasimamishwa mbele ya wote aseme mwenyewe jinsi alivyomuua mama yake aliye hai. Wale akina mama wa ukumbini wataambiwa walilia bure. Nisipovua, anabaki na jina lake safi, na chumba chenye bustani, na mama mwenye mkono mwepesi. Mimi napanda gari na sufuria zangu, marehemu.

"Dada," Miwani akasema, na sasa sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Nakuomba. Mimi pia nahitaji kujua."

Mwanangu alikuwa ananitazama. Tangu tushuke garini, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni mbele ya watu. Midomo yake ikacheza, bila sauti, neno moja.

"Mama."

Tulikuwa mama wawili tumesimama pale. Lakini safari hii sikuwa na haja ya kugeuka kutazama nani ameitwa.

Nikainua mikono yote miwili, nikalishika fundo la kilemba.